Mali ya Shirika

Kila kitu ndani ya nyumba ile kilikuwa na alama. Kitanda, kabati, viti vya sebuleni, ndoo, mpini wa fagio, hata kopo la chooni. Fundi rangi wa shirika alikuwa na bati lililotobolewa herufi. Analiweka juu ya kitu, anapitisha brashi ya rangi nyeupe, na kitu kinatoka kimeandikwa MALI YA SHIRIKA, na namba yake chini. Mama yangu hakujua kusoma. Siku tulipohamia alipitisha kidole kwenye ubao wa kitanda, akaniuliza kwa lugha ya kwetu, "Hapa wameandika nini?" Nikamwambia. Akatazama kitanda, akanitazama na mimi, akasema, "Na sisi tutakaolala humu wameshatuandika, au watakuja kesho?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama alikuwa na mdomo, na huu wangu ambao watu wanaulalamikia nimeurithi kwake, sikuuokota njiani.

Nilikuwa msichana, karani wa taipu. Nilipelekwa Mtwara kutoka bara, kwetu kwenye migomba na baridi, na watu wa ofisini kwetu waliponiaga walinipa pole kana kwamba nimefungwa. Enzi zile kuhamishiwa kusini ilihesabiwa adhabu. Masika yakikaza barabara inakatika, ndege ni ya kubahatisha, na barua ya nyumbani ikifika inakuta aliyekuwa mgonjwa ameshapona au ameshazikwa. Baba alipofariki nilimleta mama tukaishi wote, maana sikuwa na ndugu mwingine wa kumwachia. Kwanza tukapanga chumba mtaa wa Likombe, kwenye nyumba ya udongo yenye ua mpana, na pale tulikaa vizuri. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu waliniambia eti nilikuwa nateseka Likombe. Nani kawaambia?

Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Kimakonde, mjane naye, mkulima wa muhogo na mikorosho kidogo. Yeye Mwislamu, mama Mkristo. Kiswahili chao wote wawili kilikuwa cha kuokoteza. Mama alikuwa akikwama anamalizia kwa lugha ya kwetu. Mwenzake akikwama anamalizia kwa Kimakonde. Na kila mmoja anaitikia "ee, ndiyo hivyo," kana kwamba kaelewa. Asubuhi utawakuta wamekaa kwenye mkeka wanamenya muhogo wa kuanika makopa, huku wanasemana. Yule mama alikuwa na kisu kifupi kilicholika upande mmoja kwa kunolewa, na alikuwa hampi mtu. Mama alimpenda. Alikuwa akisema, "Huyu ananielewa kuliko wewe uliyesoma."

Sasa shirika lenyewe. Kabla hatujafika lilikuwa kampuni ya mgeni, mnunuzi wa korosho. Likataifishwa, likawa shirika la umma, likapewa na kazi ya kugawa sukari, sabuni na mafuta ya kula. Kwenye mkutano wananchi wakaambiwa, hii sasa ni mali yenu. Watu wakapiga makofi. Lakini kilichobadilika ni kibao cha getini na meneja. Waya ule ule wa uzio, geti lile lile, mlinzi yule yule, na umma wenye mali ukabaki nje ya waya unachungulia. Watu hawakuacha hata kuliita kampuni. Ukisema shirika, mtu anakuuliza, "Lipi? Kampuni?"

Na sisi tuliofanya kazi mle ndani tukawa ndio kampuni. Bepari tulimjua sote kutoka kwenye picha za katuni: tumbo kubwa, kofia ndefu, sigara nene. Mimi nilikuwa mwembamba, unaweza kunipitisha kwenye tundu la sindano, lakini nikienda sokoni naulizwa, "Wewe wa shirika unanunua muhogo? Kwani mchele umewaishia?" Sabuni ikiadimika, wanasema tunaoga kwa mche mzima. Sukari ikipotea, imepotelea kwetu. Naapa kwa jina la mama yangu, wiki nyingi tulikunywa chai ya chumvi kama wao. Sisemi mabosi. Mabosi sijui walikunywa nini.

Basi nikapandishwa cheo, nikawa katibu muhtasi wa meneja. Cheo kilikuja na nyumba mtaa wa Shangani, hapo hapo Mtwara, ndani ya waya. Nyumba ya matofali, yenye bafu na jiko la umeme. Kukataa haikuwezekana, ukikataa nyumba ya shirika unaandikwa kuwa huna moyo wa kazi. Mama alifunga vitu vyake bila neno. Yule jirani alitusindikiza hadi barabarani, akasimama na mikono kiunoni mpaka gari likakata kona.

Wiki iliyofuata alikuja kutuona. Kaja kwa miguu kutoka Likombe, na kapu la makopa kichwani. Mlinzi akamuuliza getini, "Una kibali? Unamtaka nani? Kwa shida gani?" Shida gani! Mtu anaulizwa shida ya kumtembelea mwenzake. Akaliweka kapu chini, akasema, "Wape hawa wa ndani," akageuka. Mlinzi alilileta kapu jioni. Mama alilipokea, akaliinamia, akanusa yale makopa kwa muda mrefu. Yule mama hakuja tena.

Mwanzoni mama alikuwa akitoka mwenyewe kwenda Likombe. Halafu miguu ikaanza kuvimba. Akawa anakaa kwenye dirisha la jikoni, anatazama waya. Majirani wa ndani ya waya hatukuwa nao wa maana; maofisa wengi waliacha wake zao kwao bara, wenyewe wanakula hotelini na kulala. Mchana kutwa mama hana wa kusema naye. Nikirudi kazini nimechoka na Kiingereza cha ofisini, nakuta amekusanya maneno ya siku nzima, na mimi sina nguvu ya kuyasikiliza yote. Upweke wa mama niliuona kwa macho, na wangu nikauona ndani ya wake. Siku moja aliniambia, bila kugeuka dirishani, "Mwanangu, nikifia huku usinirudishe, najua barabara hakuna. Lakini nizikwe na watu. Kwetu mtu huzikwa na watu. Usikubali nizikwe na gari."

Nikamwambia, "Mama, unasema nini wewe, hufi." Alikufa masika yale yale, asubuhi, hospitali, mvua ikipiga bati hata sikusikia pumzi yake ilipokatika.

Nilipotoka wodini nilimkuta afisa utawala ananisubiri na mwavuli. Alikuwa mtu mpole, sina ugomvi naye. Alinishika bega, akasema, "Ndugu, usiwe na wasiwasi wowote. Shirika litashughulikia kila kitu." Na walishughulikia, siwezi kuwasingizia. Kamati ya mazishi ikaundwa kabla sijafika nyumbani. Sanduku likaagizwa karakana. Lori likatengwa. Gunia la mchele, debe la mafuta na sukari vikashushwa jikoni kwangu, vitu ambavyo Mtwara nzima ilikuwa haijaviona muda. Viti vya mkutano vikapangwa sebuleni kwa safu. Mwili wa mama ukabaki hospitali hadi kesho yake.

Mimi nikavua viatu nikakaa chini sakafuni, kama inavyopasa, nikangoja watu.

Watu gani? Walikuja wakuu wa idara, mmoja mmoja. Wakakaa kwenye viti, magoti pamoja, kofia mkononi. Mmoja akasoma salamu za menejimenti, na mimi niliyajua maneno yale kwa sababu mwaka uliopita niliyapiga taipu mwenyewe, kwa msiba wa mtu mwingine. Walibadilisha mahali pa jina tu. Kisha wakatazama saa, wakarudi kazini. Mchele ukabaki kwenye gunia, hakuna wa kuupika. Nikauliza, kanisani je? Nikaambiwa wametuma ujumbe kwamba wako tayari, wanasubiri gari la shirika liwafuate. Na Likombe? Akasema afisa utawala, "Likombe tumewatangazia. Land Rover imepita tangu saa nane na kipaza sauti."

Loo! Land Rover na kipaza sauti! Nilishika kichwa. Lile gari lilipoingia Likombe siku zote, lilikuja kuwaita watu kwenye shamba la pamoja, au kusaka aliyeficha sukari, au kutangaza kwamba nyumba fulani zihame. Maofisa wale wa bara hawakujua. Likisikika kwenye kona, mtu mwenye akili anafunga mlango anapitia uani, anaingia kwenye mikorosho, na hatoki mpaka lipotee. Wamewatangazia kweli. Wamewafukuza.

Usiku ule sikulala, na kulipokucha lori likaleta sanduku kutoka hospitali, mama akiwa ndani. Vijana wa karakana wakalishusha kwenye meza fupi ya sebuleni, wakaondoka wameinamisha vichwa. Lilikuwa sanduku zuri, la mninga, limepigwa randa likang'aa. Nikalizunguka nikiligusa. Upande wa miguuni nikasimama.

MALI YA SHIRIKA. Na namba.

Fundi rangi, aliyekuja nao, alikuwa bado yupo mlangoni. Nikamgeukia. Nikamwuliza, "Nini hiki?" Maskini, akasema, "Dada, ndiyo kanuni. Chochote kinachotoka karakana bila alama, getini hakipiti. Nilisema nitapaka kidogo tu, nikapaka kwa mazoea, nilipokumbuka ilikuwa imeshakauka." Hakuwa na nia mbaya. Angekuwa na nia mbaya ningepata wa kumpiga. Nilikumbuka mama alivyouliza siku ya kwanza kama sisi wameshatuandika au watakuja kesho.

Afisa utawala akasema lori litaondoka saa sita kwenda makaburini, kila kitu tayari. Nikamwambia, "Mama yangu haendi na lori." Akasema, "Ndugu, tulia." Mtu akiniambia tulia ndiyo kanichokoza. Nikachukua kanga, nikajifunga moja kiunoni, nyingine kichwani, nikatoka peku. Dereva akanifungulia mlango wa gari, nikampita. Mlinzi akanyanyua kizuizi bila kuuliza. Nikashika njia ya Likombe kwa miguu, kwenye matope, nalia kwa sauti. Tangu jana nilikuwa nalia kimya kimya kwa adabu ya viti vile. Sasa nililia kama mtu aliyefiwa, na watu wakaanza kutoka milangoni. Mtu anayelia barabarani peku, huyo hana haja ya kipaza sauti.

Yule jirani yetu alikuwa uani, anamenya. Aliponiona alisimama, kisu mkononi.

"Mwanangu we! Nani?"

"Mama."

"Mama gani?"

"Mama, mama yetu! Mwenzio!"

Alinitazama kama hanielewi. "Lakini gari lilisema kampuni ndiyo imefiwa. Tumesikia tukiwa huko mikoroshoni: shirika limepatwa na nsiba, shirika linasikitika. Tukasema, shirika likifiwa sisi tuna nini cha kupeleka? Lina mchele wake, lina magari yake, litajizika." Kisha ikamwingia. "Kumbe ni ntu? Kumbe ni mwenzangu kafa, na mimi nimekaa namenya muhogo?"

Akapiga yowe. Sijapata kusikia yowe kama lile, wala kabla wala baada. Ua mzima ukasimama, kisha mtaa.

Tuliporudi Shangani tulikuwa umati. Wanawake na mizigo ya kuni iliyolowa, wengine na unga wa muhogo kwenye ungo, mmoja na kuku kwapani. Wanaume nyuma, kofia zao za kitani zimeloa. Getini mlinzi akatutazama. Kanuni ilisema kila mgeni na kibali chake. Alikuwa mtu wa vijiji vya upande wa Kilambo, mtu wa huku huku, na nadhani aibu ya lile kapu ilikuwa bado inamkaa. Akaondoa kizuizi kabisa, akakiegemeza ukutani, akavua kofia ya shirika na yeye akaingia nyuma yetu. Geti likabaki bila mtu.

Wanawake hawakuvitazama viti mara mbili. Walivitoa nje kwenye mvua, wakatandika mikeka, wakakaa. Wengine wakapanga mafiga uani, wakafungua lile gunia, moshi ukajaa dirisha lile ambalo mama alikuwa akikaa. Yule jirani alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku. Hakujua kusoma na yeye, lakini alama ile kila mtu Mtwara aliijua kwa sura. Ilikuwa kwenye magunia, kwenye malori, kwenye milango waliyokatazwa kuingia. Akaigusa kwa kidole, vile vile mama alivyoigusa.

"Hii ya nini hapa?"

Nikamweleza. Kisu alikuwa nacho bado, kakifunga kwenye ncha ya kanga tangu Likombe bila kujua. Akakitoa, akapiga magoti, akaanza kukwangua.

Afisa utawala alishtuka. "Mama, mama, tafadhali, sanduku litaharibika."

Aligeuza shingo tu. "Litaharibika? Kwani mtalirudisha?"

Yule bwana akatoka akasimama chini ya varanda. Kisu kikaendelea, kra, kra, kra, taratibu, vile vile anavyomenya, anaanzia juu anashuka. Rangi nyeupe ikawa inadondoka sakafuni kwa vipande. Alikuwa anasema na mama kwa Kimakonde, na kila baada ya maneno machache ananyamaza kidogo kumpa nafasi ya kujibu. Nilikaa pembeni yake nikaokota vile vipande vya rangi, kimoja kimoja. Nilikuwa na huzuni kubwa, lakini ile hofu ya mama kuzikwa na gari, iliyonishika tangu jana, ilikuwa imeondoka. Alipomaliza, pale miguuni palibaki mti mtupu, umechubuka. Akapapangusa kwa kanga yake.

Wanaume wa Likombe wakalibeba sanduku begani, wakipokezana, pamoja na mwinjilisti na wazee wachache wa kanisa ambao mwishowe walikuja kwa miguu. Lori lilifuata nyuma polepole, tupu, maana dereva hakuwa ameambiwa alipeleke wapi. Kwao Waislamu wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo yule jirani alibaki na sufuria. Mimi nilikwenda. Mama alizikwa na watu.

Walikaa nami siku tatu, kisha wakaenda zao, wana mashamba. Ndipo nikajua nyumba kubwa ni nini. Nilikuwa nikirudi kazini nasimama mlangoni na ufunguo, sitaki kuingia. Jokofu linanguruma, kitanda cha mama kina alama yake, dirisha halina mtu. Nilijaribu kusema kwa lugha ya kwetu, peke yangu jikoni, nikaona nimeanza kusahau baadhi ya maneno. Mtwara nzima hakuna mwingine wa kuniitikia. Yule jirani alikuwa anakuja akipata nafasi, na mlinzi hakumuuliza tena kibali. Analeta muhogo, tunamenya pamoja, tunasemana kidogo. Kwenye mpini wa kisu chake rangi nyeupe ilikuwa imeingia kwenye nyufa, haitoki. Niliwahi kumwomba anipe kile kisu kiwe ukumbusho. Akanitazama. "Nikupe, halafu nimenyee nini? Meno?"

Siku moja alikuwepo, tumekaa uani, akaja karani wa stoo. Ilikuwa ni desturi ya kila mwaka, kupita nyumba hadi nyumba kukagua mali ya shirika. Kila anachokiona anakitia mstari wa chaki. Alikuwa kijana wa watu, mnyenyekevu. Akaingia ndani, nikamsikia: kitanda, kabati, kiti, kiti, kiti. Akatoka, akaweka alama kwenye ndoo, kwenye fagio. Kisha akasimama mbele yetu, anageuzageuza chaki.

"Dada, kuna kitu kimoja sijakiona."

"Kipi?"

Akaangalia ardhi. "Kina namba. Kilitoka karakana, kikaandikwa kwa nyumba hii. Nimetumwa tu, dada." Akaigeuza tena ile chaki. "Sanduku."

Maneno yote niliyokuwa nayo, na unajua nilivyo, hakuna lililokuja. Yule jirani ndiye aliyejibu. Hakuacha hata kumenya.

"Waambie lile halimo. Lile tulilifuta jina."

Kijana hakusogea. Nilidhani atataka maelezo, atataka sahihi yangu. Badala yake akaitia chaki mfukoni, akafuta mikono kwenye suruali, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Pole na mama, dada," akasema.

Watu wote wale wa shirika, na salamu zao zote, huyu ndiye wa kwanza kunipa pole ambayo hakuisoma kwenye karatasi. Nikalia mbele yake bila aibu. Nikamvutia kiti. Alikigeuza kwanza, akaangalia nyuma kama kina alama, mazoea tu. Kisha akakirudisha pembeni, akakaa nasi chini kwenye mkeka, akapewa muhogo.